Sanaa katika Maduka ya Serikali: Utaratibu wa Kuagiza na Hatima ya Kazi

Duka la serikali ni mahali pa biashara panapomilikiwa na dola, jimbo, manispaa au shirika la umma. Maduka ya namna hii ni mengi kuliko inavyodhaniwa. Norway iliunda Vinmonopolet mwaka 1922 ili uuzaji wa mvinyo uwe mikononi mwa umma. Finland ina Alko, Sweden ina Systembolaget, na jimbo la Ontario nchini Kanada lina maduka yake ya vileo tangu 1927. Pennsylvania nchini Marekani ilifuata njia hiyo baada ya marufuku ya pombe kufutwa mwaka 1933. Katika nchi za kijamaa za Ulaya Mashariki, dola iliuza karibu kila kitu, kuanzia samaki na nguo hadi pete za dhahabu. Tanzania nayo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, iliunda Shirika la Biashara la Taifa na kuweka sehemu kubwa ya biashara ya jumla chini ya umma. Ofisi ya posta inaingia katika kundi hilohilo, kwa kuwa ni kaunta ya serikali ambako mwananchi hununua huduma kwa fedha yake.

Maduka haya yote yana jambo moja linaloyatofautisha na maduka ya watu binafsi: mteja anayeingia ni miongoni mwa wenye duka. Pia yana jambo linaloyatofautisha na majengo mengine ya umma. Mtu huenda mahakamani akiitwa, huenda hospitali akiugua, na huenda makumbusho akiwa amekusudia. Dukani huenda kila anapopungukiwa na kitu, akiwa na kapu na watoto, bila maandalizi yoyote. Kwa sababu hiyo mchoro uliowekwa juu ya kaunta ya duka la umma unaweza kuonwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga jumba la sanaa. Swali ni namna ya kuagiza kazi hiyo kutoka kwa wasanii wa mahali hapo ili iwe na thamani, ikubalike na idumu. Historia ya karibu karne moja inaonyesha kwamba hatima ya kazi hutegemea utaratibu wa kuagiza angalau kama inavyotegemea kipaji cha msanii.

Kununua na kuagiza

Serikali inaweza kuingiza sanaa dukani kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua kazi iliyokwisha kutengenezwa na kuitundika. Njia hii ni nyepesi na haina mashaka, maana mnunuzi anaona anachokilipia. Kasoro yake ni kwamba kazi hiyo haikutungwa kwa ajili ya jengo, mwanga wake wala watu wake. Inaweza kuhamishiwa tawi jingine kesho bila mtu kuona tofauti.

Njia ya pili ni kuagiza kazi mpya kwa ajili ya mahali maalumu: picha ya ukutani, mozaiki ya vigae, sanamu mbele ya mlango, mlango wa kuchonga, au uso mzima wa jengo. Hapa serikali hulipia kitu ambacho bado hakipo. Mashaka ni makubwa zaidi, lakini faida pia ni kubwa zaidi, kwa sababu kazi inaweza kujibu maswali ya mahali penyewe. Katika mji wa Donetsk, Ukraine, mwaka 1966, duka la vito la serikali liitwalo Rubin lilipambwa kwa mozaiki ya mwanamke-ndege iliyotengenezwa na kundi la wasanii wa Ukraine akiwemo Alla Horska. Duka lilikuwa la kuuza pete na mikufu, lakini ukuta wake ulibeba alama iliyotokana na sanaa ya jadi ya Ukraine, wakati ambapo kuuenzi utamaduni huo hadharani kulikuwa na hatari yake. Mteja aliyekuja kutafuta pete alikutana na kitu kilichozungumza naye kama mrithi wa utamaduni.

Mfano mwingine ni wa Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati huo. Duka kubwa la Konsument, lililokuwa la ushirika chini ya mfumo wa kijamaa, lilivishwa katika miaka ya 1960 uso wa alumini uliobuniwa na mchongaji Harry Müller wa mji huohuo. Wakazi walilipatia jengo hilo jina la utani, Blechbüchse, yaani mkebe wa bati. Mfumo huo ulipoanguka, uso ule haukutupwa. Vipande vyake vilihifadhiwa na kurudishwa kwenye jengo jipya la biashara lililofunguliwa mwaka 2012. Kazi iliyobuniwa kwa ajili ya jengo moja ilikuwa imekwisha kuwa mali ya mji.

Fedha

Njia iliyoenea zaidi ya kugharimia sanaa ya umma ni kutenga sehemu ya gharama za ujenzi, mara nyingi asilimia moja. Sweden iliweka msingi huo mwaka 1937, ikaunda na baraza la taifa la kuusimamia. Ufaransa ilianza mwaka 1951 kwa majengo ya shule, kisha ikaueneza kwa majengo mengine ya umma. Philadelphia uliupitisha mwaka 1959, na jimbo la Québec lilianza na sera ya aina hiyo mwaka 1961. Ubora wa kanuni hii ni kwamba fedha za sanaa zinakuwemo tangu bajeti ya kwanza. Msanii huingia kazini pamoja na msanifu majengo, ukuta unachaguliwa mapema, taa na msingi wa sanamu vinapangwa kabla saruji haijamwagwa.

Kanuni hiyo, hata hivyo, iliundwa kwa ajili ya majengo makubwa. Duka ni jengo dogo. Likijengwa kwa shilingi milioni 200, asilimia moja ni shilingi milioni 2, na kiasi hicho kinaweza kumezwa na jukwaa la kupandia, rangi na usafiri kabla msanii hajalipwa chochote. Ukarabati wa duka la zamani huacha fungu dogo zaidi. Dawa yake ni kuunganisha mafungu. Shirika lenye matawi 40 likikusanya asilimia ya kila tawi katika mfuko mmoja, linaweza kuagiza kazi nne au tano zenye uzito kila mwaka na kuzungusha zamu kati ya mikoa. Bila muungano huo, kila tawi hubaki na pesa ya kununulia bango tu.

Bajeti iliyo kamili hutenganisha mambo matano: ujira wa msanii, vifaa, kuisimika kazi, bima, na akiba ya matunzo. Ujira ukichanganywa na vifaa, bei ya rangi ikipanda ni msanii anayepunjwa. Akiba ya matunzo ndiyo inayosahaulika mara nyingi, na kukosekana kwake huonekana miaka michache baadaye, ukuta unapoanza kuvuja.

Namna ya kumteua msanii

Jaribio kubwa na lenye kumbukumbu nyingi zaidi katika uwanja huu lilifanyika kwenye kaunta za posta za Marekani. Mwaka 1934, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, Wizara ya Fedha iliunda kitengo cha uchoraji na uchongaji chini ya Edward Bruce. Kilitumia takriban asilimia moja ya gharama za majengo mapya ya serikali, na hadi kilipofungwa mwaka 1943 kilikuwa kimeweka michoro na sanamu katika miji zaidi ya 1,000, mingi ikiwa midogo. Kitengo hiki kilikuwa tofauti na mipango mingine ya wakati ule iliyowalipa wasanii kwa sababu ya ufukara wao. Chenyewe kiliteua kwa ubora. Mashindano yake yalifanywa bila majina: msanii alituma mchoro wa awali usio na saini, na waamuzi walitazama kazi bila kujua ni ya nani. Mwaka 1939 shindano moja lilitafuta wasanii wa ofisi 48, moja kwa kila jimbo la wakati huo.

Utaratibu huo ulikuwa na mambo matatu yanayofaa kuigwa. Kwanza, bei ilijulikana kabla ya shindano, kwa hiyo washindani walishindana kwa wazo, hawakushindana kwa kupunguza bei. Pili, malipo yalitolewa kwa awamu, kila hatua ikilipwa baada ya kukubaliwa, na hivyo msanii asiye na mtaji aliweza kuifikisha kazi mwisho. Tatu, msanii alihimizwa kuutembelea mji na kuzungumza na watu wake kabla ya kuchora.

Ununuzi wa kawaida wa serikali hufuata mantiki iliyo kinyume cha hiyo. Hutaka zabuni, hulinganisha bei, na hupendelea mzabuni wa chini anayetimiza masharti. Mantiki hiyo inafaa kwa saruji na karatasi, kwa kuwa mfuko mmoja wa saruji ni sawa na mwingine wa daraja lake. Michoro miwili haiko sawa. Zabuni ya bei ya chini humpa kazi mtu wa mabango, au kampuni ya matangazo ambayo baadaye huajiri mchoraji kwa ujira mdogo na kuweka jina lake yenyewe. Masharti ya dhamana ya zabuni, hesabu zilizokaguliwa na uzoefu wa miaka kadhaa humfungia nje msanii hodari ambaye hajawahi kuwa kampuni. Uteuzi wa haki huweka bei isiyobadilika, huomba kwanza picha za kazi zilizopita, huchagua wachache, kisha huwalipa wote walioteuliwa kwa michoro yao ya awali. Mchoro wa awali ni kazi, na kuuomba bure kwa watu kumi ili kumlipa mmoja ni kuwatoza tisa gharama ya uamuzi wa serikali.

Jopo la uamuzi pia lina uzito. Likiwa na maofisa watupu, huchagua kinachofanana na nembo ya shirika. Likiwa na wataalamu watupu, huchagua kinachowavutia wataalamu. Jopo linalofaa huwa na msanii mzoefu, msanifu wa jengo, mfanyakazi wa dukani ambaye ataitazama kazi hiyo kila siku, na wakazi wa mtaa ambao hawakuteuliwa na mkuu wa duka.

Mwenyeji ni nani

Sababu za kumpendelea msanii wa mahali ni nzito. Fedha za umma hubaki katika eneo zilikotoka, msanii anapata kazi ya ukubwa ambao soko la watu binafsi haliwezi kumpa, na yupo karibu kazi inapohitaji kurekebishwa. Lakini uenyeji hautoshi kuwa dhamana ya kuelewana. Mwaka 1941, mwalimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Edith Mahier, alikamilisha mchoro wa posta ya Watonga katika jimbo hilohilo alikofundisha, ukimwonyesha kiongozi wa Kicheyenne aitwaye Roman Nose. Wacheyenne waliandamana kuupinga. Walisema chifu wao amefanywa afanane na mtu wa kabila jingine, na farasi hawakuwa na sura ya farasi. Msanii alikuwa mkazi wa jimbo, lakini waliochorwa walikuwa wenyeji zaidi yake, nao waliiona kazi ikiwa imekwisha kupandishwa ukutani.

Upande wa pili upo mfano wa Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, na ambaye mwaka 1959 alichora picha za ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Murang'a, Kenya. Alitoka nje ya eneo lile, na jengo lilikuwa la kanisa, si la serikali. Hata hivyo aliyaweka maisha ya Yesu katika mandhari ya milima na watu wa Murang'a, naye akahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki. Kigezo chenye maana, basi, ni muda ambao msanii ameupa mahali na watu wake. Mkataba unaweza kulidai jambo hilo waziwazi: siku za kukaa mtaani, mikutano na wakazi, na mchoro wa awali kuonyeshwa hadharani kabla ya kupitishwa.

Hata hapo, jamii haina sauti moja. Katika mji wa migodi wa Kellogg, jimboni Idaho, Fletcher Martin alishinda shindano la 1939 kwa mchoro wa wachimbaji wanaomtoa mwenzao aliyeumia. Chama cha wafanyakazi kiliuunga mkono, na wenye migodi waliukataa. Kilichowekwa mwishoni, mwaka 1941, ni picha ya ugunduzi wa madini uliozaa mji. Mashauriano yalifanyika, lakini wenye nguvu zaidi ndio waliosikilizwa. Mashauriano ya kweli huandika ni nani alisema nini, na hutoa sababu za uamuzi kwa maandishi ambayo kila mkazi anaweza kuyasoma.

Maudhui na mipaka ya biashara

Duka lipo kwa ajili ya kuuza, na kishawishi cha kwanza cha meneja ni kuitumia sanaa kuuzia. Mpaka unapaswa kuwekwa mapema. Tangazo humwambia mteja anunue nini. Sanaa ya umma humpa mahali pa kujitambua, hata akitoka mikono mitupu. Mpaka huu ni mkali zaidi katika maduka ya vileo. Maduka ya Sweden, Norway na Finland yapo kwa sababu ya afya ya jamii, na sera yake ni kutochochea mauzo. Picha inayosifu ulevi juu ya kaunta kama hiyo ingepingana na sababu ya duka kuwepo. Maudhui yanayofaa yako mengi nje ya bidhaa: historia ya mtaa, kazi za watu wake, mito na miti yake, maumbo ya kufikirika yasiyosimulia chochote bali hupanga rangi na mwanga.

Kuna pia kishawishi cha pili, cha kuifanya kazi kuwa sifa kwa viongozi walio madarakani. Sura ya mwanasiasa aliye hai ukutani huifanya kazi isiishi kupita muhula wake. Kazi iliyoepuka sifa hizo nayo haina kinga dhidi ya siasa. Anton Refregier alimaliza mwaka 1948 picha 27 za historia ya San Francisco katika posta ya Rincon. Miongoni mwake zimo migogoro ya wafanyakazi na mateso waliyopata Wachina wa mji huo. Mwaka 1953 kamati ya Bunge la Marekani ilisikiliza hoja ya kuziondoa. Watetezi wake, wakiwemo wakuu wa majumba ya sanaa ya San Francisco, walizinusuru, na zingali zinaonekana leo ingawa jengo halitumiki tena kama posta. Utetezi ule uliwezekana kwa sababu kulikuwa na shindano, uamuzi na kumbukumbu za kupitishwa kwa kazi. Nyaraka za uteuzi ni ngao ya msanii, na pia ya ofisa aliyemteua.

Mkataba na haki

Mkataba wa kuagiza hujibu maswali ambayo watu hawayaulizi wakiwa bado na furaha. La kwanza ni umiliki. Serikali hununua kitu chenyewe, yaani ubao, vigae au rangi iliyo ukutani. Hakimiliki ni kitu kingine, na kwa kawaida hubaki kwa msanii isipokuwa ameikabidhi kwa maandishi. Kwa hiyo duka linalotaka kuchapa mchoro huo kwenye mifuko, kalenda au fulana linahitaji ruhusa na malipo ya ziada. Fomu nyingi za zabuni humtaka msanii aachie haki zote kwa mstari mmoja, na wengi hutia saini bila kujua wamepoteza nini.

La pili ni haki ambazo wanasheria huziita za kimaadili: haki ya msanii kutambuliwa kuwa mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kugeuzwa kwa namna inayomvunjia heshima. Zimo katika Mkataba wa Berne, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Uzito wake ulionekana New York, ambako mwaka 2013 mwenye jengo la 5Pointz alipaka rangi nyeupe juu ya michoro ya kuta zake bila kuwapa wachoraji taarifa inayotakiwa na sheria. Mwaka 2018 mahakama iliwapa wasanii 21 fidia ya dola milioni 6.75. Jengo lilikuwa mali ya mtu binafsi. Chombo cha umma kina sababu kubwa zaidi ya kuwa mwangalifu.

La tatu ni kuondolewa kwa kazi. Hakuna duka la milele. Sanamu ya chuma ya Richard Serra, Tilted Arc, iliyoagizwa na serikali kuu ya Marekani na kusimikwa mbele ya ofisi zake New York mwaka 1981, iliondolewa mwaka 1989 baada ya wafanyakazi kulalamika kuwa inawakatia njia, na baada ya kesi ndefu. Msanii alishikilia kuwa kuihamisha ni kuiua, kwa kuwa ilitungwa kwa ajili ya uwanja ule. Ugomvi huo ungepungua kama mkataba ungetaja mapema nani aamue, kwa sababu zipi, na kwa taarifa ya muda gani. Kifungu kinachofaa humpa msanii au warithi wake nafasi ya kwanza ya kuichukua kazi kabla haijabomolewa.

Vifaa na matunzo

Uchaguzi wa kifaa ni uamuzi kuhusu siku zijazo. Rangi iliyopakwa moja kwa moja juu ya lipu hufa pamoja na ukuta. Wachoraji wengi wa posta za Marekani walichora kwa rangi ya mafuta kwenye turubai, kisha wakaigandisha ukutani, na kwa sababu hiyo baadhi ya kazi ziliweza kubanduliwa na kuokolewa majengo yalipouzwa. Vigae huhimili jua, chumvi na mikono ya watoto. Mbao za kuchonga huvutia lakini huhitaji ulinzi dhidi ya mchwa. Kwenye mwambao, unyevu na chumvi hula chuma na kubambua rangi upesi kuliko bara.

Kila kazi inahitaji maelezo ya matunzo yaliyoandikwa na msanii mwenyewe: aina ya rangi, namna ya kusafisha, na kitu kisichopaswa kuigusa. Yakikosekana, mfanya usafi huisugua kwa sabuni kali, au fundi wa umeme huitoboa apitishe waya. Kibao chenye jina la msanii, mwaka na mwagizaji kinapaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Kazi isiyo na jina ni rahisi kufutwa, kwa kuwa hakuna anayejua wa kumuuliza.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Maduka ya umma ya Tanzania yamepungua sana tangu biashara ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Lakini kaunta za serikali hazijaisha: zipo posta, zipo bohari za mashirika ya umma, na zaidi ya yote yapo masoko ya halmashauri, ambayo kwa mikoa mingi ndiyo nyumba ya biashara ya umma inayoingiwa na watu wengi kuliko jengo lolote. Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam linathibitisha kinachowezekana. Lilibuniwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975, likiwa na paa la miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua. Moto uliolikumba Julai 2021 uliumiza taifa kwa sababu jengo lilikuwa alama ya jiji, wala si ghala la bidhaa tu. Aliyepewa kazi ile alikuwa mtu wa nchi, na alipewa nafasi ya kuwaza.

Vifaa vya kuendeleza msingi huo vipo. Kenya imehifadhi asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na Tanzania ina fungu la makundi maalumu. Wasanii wengi wamo humo. Taasisi za hakimiliki zipo katika nchi zote mbili na zinaweza kuandaa mkataba wa mfano. Kinachohitajika ni kanuni ya kutenga asilimia kwa masoko na majengo mapya ya biashara ya umma, mfuko wa pamoja kwa majengo madogo, na utaratibu wa ununuzi unaoitenga sanaa na zabuni ya bei ya chini. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ujenzi wenyewe. Bila hayo, kuta za masoko zitaendelea kukodishwa kwa kampuni za simu na vinywaji, na mchoraji wa mtaa ataajiriwa kupaka rangi za nembo zao.